TUSIITUPE MICHEZO MIKONGWE YA KOMPYUTA
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Naandika haya nikiwa na donge kooni. Muhula uliopita tangazo lilibandikwa ubaoni kwamba kabati kuukuu la chumba cha kompyuta litasafishwa na vyote vilivyomo vitachomwa. Ndani ya kabati hilo mna disketi 60 na ushei. Nyingine zina michezo ya kompyuta ya miaka ya tisini. Nyingine, kulingana na vibandiko vyake, zina makala ya jarida hili hili unalolisoma, yaliyopigwa chapa kabla sisi hatujazaliwa. Wenzangu waliposoma tangazo walicheka. "Takataka hizo, bwana! Nani ana mashine ya kuzisoma?"

Nami nasema hapana, jamani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Najua wako watakaoniuliza, kwani michezo ya kompyuta ina faida gani kwa mwanafunzi? Swali hilo ni la haki na nitalirudia. Kwanza hebu niwaeleze kilichonivuta. Jumamosi moja mwalimu alituwekea programu iitwayo DOSBox, ambayo tangu mwaka 2002 huifanya kompyuta mpya iige ile ya zamani. Tulicheza Prince of Persia, Doom na Monkey Island. Usiku bwenini hatukulala kwa ubishi. Mmoja alishikilia kwamba hakuna muziki unaoupiku ule wa Doom, na mwingine akaapa kwamba Monkey Island ni bahari na Doom ni kijito. Mimi nilikuwa upande wa bahari, na mpaka leo sijahama.

Sababu yangu ni hii. Kompyuta nyingi za miaka ya themanini zilikuwa na spika ndogo tu iliyotoa sauti moja kwa wakati mmoja, pii-pii-pii kama kengele ya baiskeli. Mwaka 1987 ikatokea kadi ya sauti iitwayo AdLib, iliyoweza kutoa sauti 9 kwa pamoja. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta Sound Blaster. Kumbuka kwamba katika disketi hapakuwa na nafasi ya kuweka wimbo uliorekodiwa. Kilichowekwa ni maagizo tu: piga noti hii, kwa ala hii, kwa muda huu. Kadi ya sauti ndiyo iliyoimba. Ndiyo maana wimbo mmoja ulisikika tofauti katika kila mashine, sawa na wimbo uleule ukiimbwa na kwaya ya Kidato cha Kwanza, halafu uimbwe na kwaya ya shule nzima. Bobby Prince alipoutungia muziki mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, alikuwa akitunga katika ufinyu wa namna hiyo.

Michael Land naye, aliyetunga muziki wa The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990, hakuridhika na vifaa alivyopewa. Akishirikiana na Peter McConnell alibuni mfumo ulioitwa iMUSE, ukatumiwa katika mchezo wa pili, mwaka 1991. Katika mfumo huo muziki humfuata mchezaji. Katika mji wa Woodtick, ukiingia nyumba hii ala zinabadilika, ukitoka zinarudi, na wimbo haukatiki hata kidogo. Sisi Waafrika tunalijua jambo hili. Mpiga ngoma hodari humtazama mchezaji miguuni, akageuza mdundo kwa wakati wake. Si mchezo kuifundisha kompyuta adabu hiyo! Basi mtu akiniambia hiyo ni kelele ya watoto, namwambia akae chini asikilize tena.

Jambo la pili ni hatari ya kupotea. Julai 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Yaani katika kila michezo 10, hata 2 huwezi kununua kihalali! Kitabu kikiadimika hukikosi katika maktaba fulani. Disketi, lo! Ni kisahani chembamba cha sumaku tu kilichofungwa ndani ya plastiki, nacho hufifia polepole hata kikiwa kabatini. Mjomba wangu alikuwa na disketi 30 katika boksi la viatu. Tulipozijaribu mwaka jana, 11 ndizo zilizosomeka. Nyingine ziligoma kabisa, na mjomba alinyamaza kimya kama aliyefiwa.

Mfano mzuri ni ule wa Jordan Mechner, mtungaji wa Prince of Persia. Mwaka 1985 alichukua kamera ya video akampiga picha ndugu yake mdogo, David, akikimbia, akiruka na kudandia ukuta. Kisha akachora picha moja baada ya nyingine akifuatisha video hiyo, na ndiyo maana yule mwana wa mfalme hukimbia kama mtu wa kweli. Muziki ulitungwa na baba yake, Francis. Mchezo ukatoka mwaka 1989, ukavuma duniani. Lakini maandishi ya programu yenyewe yalipotea kwa miaka mingi, hata mwandishi mwenyewe akakata tamaa. Mwaka 2012 baba yake, akipangua kabati nyumbani, akakuta boksi la disketi. Wataalamu wa mashine za kale wakasaidia kuzisoma, na maandishi yakatolewa hadharani. Sasa niambie, msomaji: kama mzee yule angalitia kiberiti kabati lake, tungalipata nini? Kabati lake na letu yana tofauti gani?

Jambo la tatu, na hapa nawageukia wapenzi wenzangu wa michezo. Tusiwe watu wa kutazama na kubishana tu. Mwaka 1996 vijana waliokuwa wakicheza Quake waliacha kupigana kwa muda, wakautumia mchezo wenyewe kama jukwaa na kutengeneza filamu fupi isiyofika dakika 2, Diary of a Camper. Hawakuwa na studio wala fedha. Leo vifaa vya kutengenezea video viko bure. OBS Studio hurekodi kinachoonekana kwenye skrini, Audacity husafisha sauti, Kdenlive hukata na kuunga vipande, na Blender huchora vikaragosi vinavyotembea. Mashine zetu za shule, ingawa ni kongwe, huendesha Audacity bila shida. Tukiamua, tunaweza kuigiza hekaya za Abunuwasi kwa vikaragosi na kuzisimulia kwa Kiswahili sanifu.

Hata hivyo, sitaki niwadanganye kwamba kila kitu ni halali kwa kuwa ni cha kale. Mimi mwenyewe niliadhibika. Julai mwaka jana chama chetu kilitengeneza video ya Siku ya Kiswahili Duniani. Wanachama 7 walikariri mashairi waliyoyatunga wenyewe. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaweka chini yake muziki wa mchezo mmoja wa kale bila kumwomba mtu ruhusa. Tulipoiweka mtandaoni, sauti yote ilizimwa kwa sababu ya hakimiliki. Lahaula! Midomo ya wenzangu ilionekana ikicheza, na hakuna neno lililosikika. Kazi ya wiki 3 ikafa kwa kosa langu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo nyimbo za miaka ya tisini bado zina wenyewe. Programu ya Doom ilitolewa bure mwaka 1997, lakini picha na nyimbo zake hazikutolewa. Wapenzi wakaamua kutunga zao na kuziita Freedoom. Hizo unaweza kuzitumia, mradi ubakize taarifa ya hakimiliki. Au tupige kayamba na marimba zetu wenyewe, nani atatuzima?

Sasa lile swali la wazazi na walimu. Ni kweli, michezo hupoteza wakati, na Doom ina damu nyingi isiyomfaa mtoto. Silitetei hilo. Mwanafunzi anayecheza usiku kucha wakati wa mtihani anajichimbia kaburi. Ila dawa yake ni saa na kiasi. Riwaya pia humkosesha mtu usingizi, wala hatujaichoma maktaba.

Namalizia kwa ombi kwa walimu wetu wapendwa. Kabla kabati lile halijasafishwa, tupeni Jumamosi 2. Mjomba amekubali kutuazima kisomeo chake cha disketi. Tutanakili kila kinachosomeka, tuanze na makala ya jarida hili, kisha michezo ihifadhiwe shuleni bila kusambazwa kwa watu. Zile zitakazokataa kusomeka tutaziteketeza sisi wenyewe bila kinyongo. Pengine katika disketi mojawapo mna shairi la mwanafunzi wa mwaka 1994 ambaye leo ni mama au baba wa mmoja wetu. Ajizi ni nyumba ya njaa, na muhula umebakisha wiki 5.