Usiisugue Pesa ya Babu

Kuna mtindo umezuka huku kwetu pwani, nao haunifurahishi hata kidogo. Kijana akirithi kibweta cha wazee wake, akakuta humo pesa za shaba za zamani, hukimbilia ukwaju na majivu, akazisugua kama anayesugua sinia la arusi. Mnunuzi akimpa bei ya chini, hudhani amedhulumiwa. Hakudhulumiwa; thamani ameiosha mwenyewe.

Nawaambia hasa wanaoanza kukusanya sarafu: daraja haipimwi kwa mng'aro, hupimwa kwa kile kilichosalia cha chapa yake. Chukua pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yenye picha ya mizani na mwaka wetu wa Kiislamu, 1306. Igeuzegeuze juani, ukiishika kingoni. Palipoinuka ndipo hulika kwanza kwa kupita mikononi. Mizani ikionekana wazi na herufi zikiwa kali, hiyo ni ya daraja ya juu. Ikiwa hata mwaka hausomeki, ni ya chini. Wakusanyaji wengi wa ng'ambo hutumia hesabu ya 1 hadi 70, aliyoitoa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za kwao. Kuanzia 60 ni sarafu isiyopata kutumika. Lakini iliyosuguliwa, hata chapa yake ikiwa nzima, hutengwa na kuandikwa kuwa imesafishwa, kwani mikwaruzo haiondoki tena. Weusi ule wa shaba si uchafu, ni ngozi yake.

Kisha kuna habari ya prufu. Hizi hupigwa chapa zaidi ya mara moja, kwa vyuma vilivyong'arishwa, hata uwanja wake ukawa kama kioo. Wengi hudhani prufu ni daraja ya juu kuliko zote. Sivyo. Ni namna ya kutengenezwa tu, na prufu iliyochezewa na watoto nayo hushuka daraja.

Hapo ndipo reali ya Maria Theresa inapowaponza watu. Zote zina mwaka 1780, aliofariki malkia huyo wa Austria, ingawa zimeendelea kupigwa Vienna, na katika karne ya 20 hata London, Rome na Bombay. Vienna wangali wakizitoa, nyingine za prufu. Basi ukionyeshwa reali inayometa kama kioo, ukaambiwa ilishuka jahazini zama za Sayyid Said, rudisha fedha zako mfukoni.

Na anayeuza sarafu iliyosafishwa aseme hivyo kabla ya kupokea malipo. Dini yetu imetuamuru kuibainisha aibu ya bidhaa, na sioni kwa nini sarafu isamehewe. Nawe uliye na reali iliyotobolewa ikavaliwa mkufuni, usimpelekee sonara akuzibie. Iuze, ukipenda, na tundu lake.