Bustani ya maua isiyomtwisha nyanya mtungi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Msomaji mpendwa, methali hiyo inatufaa sana sisi tunaoishi mjini na kujenga nyumba ndogo nyumbani kwa wazazi, kule Kitui au Makueni. Nyumba ikishaezekwa mabati na kupakwa rangi, mwenyewe huutazama uwanja mtupu ulio mbele ya mlango na kuona kuna kitu kimepungua. Desemba ikifika, gari hupakiwa miche kutoka vitalu vya kando ya barabara za Nairobi. Familia nzima hupanda maua kwa furaha, wakapiga picha, na Januari wakarudi kazini na shuleni.

Je, maua hayo hubaki na nani? Hubaki na nyanya, au susu kama aitwavyo Ukambani. Ni yeye, au mjukuu anayeishi naye, anayeteremka mtoni na punda, akachimba mchangani, akangoja maji yajikusanye kisimani, kisha akapanda mlima na mitungi. Akiyaacha maua yakauke, ataulizwa kwa simu yana nini. Akiyanywesha, ng'ombe na mbuzi watapungukiwa.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kiwanja cha nyasi chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 kina mita 20 za mraba. Katika jua la kiangazi cha Ukambani, kila mita ya mraba huhitaji takriban lita 4 za maji kwa siku ili nyasi zibaki kijani. Hizo ni lita 80, yaani mitungi 4 ya lita 20, nao huo ndio mzigo wa kawaida wa punda mmoja. Kwa juma moja ni mitungi 28. Yote hiyo ni kwa ajili ya nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila!

Sisemi kwamba watu wa sehemu kavu hawastahili maua. La hasha! Uwanja wenye maua humpa furaha mwenye nyumba na mgeni wake. Ninalosema ni kwamba tuchague mimea inayoishi miaka mingi, inayopenda jua, na ambayo ikishapita msimu wake wa kwanza hunywa mvua ya Mungu peke yake.

Panda kabla ya Krismasi

Kosa la kwanza huwa ni la kalenda. Kitui na Makueni hupata mvua mara mbili kwa mwaka, lakini zile za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko za Machi hadi Mei. Wakulima wa huko wanalijua jambo hilo vizuri. Anayepanda wakati wa Krismasi huwa amechelewa, kwa maana mvua inaaga na jua kali la Januari na Februari liko mlangoni. Mche uliotiwa ardhini mwanzoni mwa Novemba, udongo ukiwa umelowa, hupata majuma kadhaa ya kuteremsha mizizi chini.

Kosa la pili ni la mahali. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kibwezi iko chini ya mita 1,000. Ua lililozoea ubaridi wa Nairobi likipelekwa Kibwezi, Makindu au Mutomo huwa kama mtu aliyevaa koti la sufu kwenye jua la saa sita. Wenzetu wa milima ya Mbooni na Kilungu wana nafuu, kwa kuwa kwao kuna ubaridi na mvua zaidi. Orodha ifuatayo ni ya wale walio katika sehemu za chini zenye joto.

Mimea ya kuchagua

Mcheza kwao hutuzwa, kwa hiyo tuanze na wenyeji. Mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma, huhifadhi maji katika majani yake manene. Huchanua maua mekundu au ya rangi ya chungwa yanayowavuta ndege wadogo aina ya chozi, na mbuzi huuogopa kwa uchungu wake. Lakini usiende kuung'oa porini. Mishubiri ya porini inalindwa. Rais Moi aliamuru mwaka wa 1986 isivunwe ovyo, kwani wafanyabiashara walikuwa wakiimaliza. Omba chipukizi kwa jirani aliye nao bomani.

Mwenyeji wa pili ni waridi la jangwani. Ukisafiri kwa barabara ya Mombasa wakati wa kiangazi, karibu na Mtito Andei, utauona mti mfupi wenye shina nene kama chupa, hauna hata jani moja, lakini umejaa maua ya waridi. Usiunyweshe mara kwa mara, maana maji mengi huuozesha. Utomvu wake ni sumu, kwa hiyo upande mbali na wanapochezea watoto.

Wa tatu ni ule mmea ambao watu wa mjini huununua kwa bei ghali na kuuweka sebuleni, wakiuita ulimi wa mama mkwe. Jamaa zake humea wenyewe chini ya vichaka vya Ukambani na Tsavo bila kuomba tone. Panda safu moja kando ya njia, nao utakuwa ukingo usiohitaji kukatwa.

Sasa wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Bogenvilia ilitoka Amerika Kusini, na jina lake ni la nahodha Mfaransa, Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya mwaka wa 1766 na 1769. Zile rangi za zambarau, nyekundu na chungwa tunazoziita maua ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe kilicho katikati. Bogenvilia inayonyweshwa sana huzaa majani ya kijani, na ile inayoonja kiu kidogo ndiyo inayochanua. Kata tawi lililokomaa, lenye unene wa kidole na urefu wa sentimita 20. Lichomeke katika mkebe uliotobolewa mnamo Agosti, uweke kivulini, na kufikia Novemba litakuwa tayari kuhamishwa. Ipunguze matawi baada ya kuchanua, maana ukiiachilia itapanda juu ya mabati.

Franjipani, yenye maua meupe yenye harufu tamu, hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili kujihifadhi. Tawi lake liache likauke kidonda kwa muda wa juma moja kabla ya kulipanda, ama sivyo litaoza.

Kwa sehemu za mbele, panda vinka, yale maua madogo ya petali tano, meupe au ya waridi, yanayochanua karibu mwaka mzima. Asili yake ni Madagascar. Ni kutokana na mmea huu ambapo wanasayansi walipata vinkristini na vinblastini, dawa za kutibu saratani, ikiwemo ya damu inayowapata watoto. Hata hivyo usiuchemshe nyumbani ukanywa! Dawa hizo hutengenezwa kwa vipimo, na mmea wenyewe una sumu.

Mwisho, weka rozimari karibu na mlango wa jikoni. Hupenda jua na udongo usio na rutuba nyingi, na nyama ya Krismasi itakushukuru.

Mingine iache

Kuna mimea inayostahimili ukame kupita kiasi. Lantana ni mmojawapo. Ina maua ya kupendeza, lakini ndege hula mbegu zake na kuzitawanya hadi malishoni, na ng'ombe akila majani yake huugua. Oleanda nayo haifi kwa jua, lakini kila sehemu yake ina sumu kali. Yule jamaa yake wa maua ya manjano, apandwaye sana kuwa ua la boma, ana mbegu zinazoweza kumuua mtoto. Mnyaa, ambao Wakamba huuita ndau, wafaa kuzungushia boma kwa mbali, lakini usiwekwe mlangoni, kwa sababu maziwa yake huunguza macho.

Jinsi ya kupanda

Wazee wa Ukambani walijifunza kuchimba matuta ya fanya juu ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Tumia akili hiyo hiyo. Chimba mfereji mdogo unaoukatiza mteremko, na upande maua upande wake wa chini. Kila shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, uurudishe, na uache kibonde cha kukinga maji.

Vitabu vingi hushauri kutandaza nyasi kavu juu ya udongo. Kwa sehemu nyingi za Kitui na Makueni huko ni kuwaalika mchwa kwenye karamu. Tandaza kokoto au mawe madogo. Huzuia unyevu usipotee wala hayaliwi.

Usisahau paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6 likipata mvua moja ya milimita 20 hukinga zaidi ya lita 900. Hata baadhi zikimwagika, nyanya amepumzishwa safari kadhaa za mtoni.

Katika kiangazi cha kwanza, mche upewe lita 2 kwa juma, jioni. Mishubiri na waridi la jangwani waweza kuyaruka. Miche 10 hutumia mtungi mmoja kwa juma, ukilinganisha na ile mitungi 28 ya nyasi. Baada ya mvua ya pili, mwachie mbingu.

Kuhusu mpangilio, usijisumbue na mistari. Katika vijiji vya Uingereza watu wenye nyumba ndogo walizoea kuchanganya maua na viungo vya jikoni mbele ya mlango, mirefu nyuma, mifupi mbele. Mtindo huo wafaa kwetu pia, ila jambo moja: acha mita mbili tupu kati ya mimea na ukuta, na pafagiliwe kila siku. Uwanja uliofagiliwa ni desturi ya zamani yenye maana yake, kwa sababu nyoka hapendi kuvuka mahali anapoonekana.

Basi, msomaji, Oktoba ijayo ukisimama mbele ya kitalu na mkoba wazi, shika kila mche na ujiulize: nikiondoka, ni nani atakayeunywesha huu? Jibu likiwa ni mvua, lipa uondoke nao. Jibu likiwa ni jina la mtu, mpigie kwanza umuulize maji yako umbali gani siku hizi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia jinsi ya kusafisha tangi la maji ya mvua kabla ya msimu kuanza.