*MKOPO SI WA KUJARIBIA: WAJASIRIAMALI WA MPWAPWA WAPEWE RUZUKU YA MAJARIBIO*

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama wote*



Wiki iliyopita kwenye grupu letu mwanachama aliuliza hivi: mtu mwenye mashine ya kukamua alizeti, anayetaka kuboresha mafuta yake na si kununua mashine nyingine, aende wapi serikalini akasaidiwe? Wengi wetu, viongozi tukiwemo, tulimjibu haraka: "Unda kikundi, ukaombe mkopo wa asilimia 10."

Tumekaa tukatafakari. Jibu lile halikuwa sahihi, na taarifa hii tumeiandika kulisahihisha. Ni ndefu kidogo, tunaomba mvumilie mpaka mwisho kwa sababu kuna kazi ya kufanya kabla ya vikao vya bajeti.

*Yaliyowapata wenzetu*

Kuna kikundi cha wanachama wenzetu, hatutawataja, ambao mafuta yao yalikuwa na tatizo tunalolijua wote. Yakitoka kwenye mashine yanang'aa. Yakikaa dukani yanaweka mashapo chini ya chupa, na ukifika ubaridi wa Juni na Julai yanakuwa na ukungu. Mteja akiona ukungu anasema yamechakachuliwa, anachukua ya kiwandani.

Wenzetu wakachukua mkopo wa kikundi, wakanunua chujio na tangi. Wakachuja, wakajaza chupa, wakapeleka dukani. Julai ukungu ukarudi palepale na chupa zikarudishwa. Tarehe ya rejesho ikafika nayo. Dawa ya deni ni kulipa, wakauza mbuzi wakalipa.

Tulipowauliza wamejifunza nini, walitueleza jambo ambalo lingesaidia kila mwenye mashine wilayani. Ukungu ule ni nta ya maganda ya alizeti. Mafuta yakiwa ya moto nta imeyeyuka, inapita kwenye chujio kama kawaida, kisha inaganda baadaye baridi ikija. Kwa hiyo yanatakiwa kupoozwa kwanza na kuachwa yatulie, ndipo yachujwe. Hilo walilijua baada ya fedha kwisha. Jaribio la pili, ambalo lingeonyesha yapoozwe kiasi gani na kwa muda gani, halikufanyika.

Jaribio lile la kwanza halikuwa upuuzi, maana lilitoa jibu. Kosa lilikuwa aina ya fedha iliyotumika. Mkopo unataka faida kwa tarehe, na mtu anayejaribu kitu kipya hawezi kuahidi faida kwa tarehe. Ndiyo maana wenye mashine wengi wanabaki kufanya lilelile la mwaka jana. Si kwamba hawana akili. Hawana mbuzi wa kuuza.

*Ruzuku tunayoisema ni ipi?*

Neno ruzuku wengi tunalijua kwenye mbolea, na wanasiasa tunalijua kwenye vyama. Hii ni ruzuku nyingine. Ni fedha ambayo serikali inampa mwenye biashara ndogo au ya kati ili afanye utafiti na majaribio ya kuboresha bidhaa au njia ya kuitengeneza. Hairejeshwi, lakini inatolewa hesabu: umejaribu nini, umepata nini.

Na tusidhani utafiti ni wa watu wa makoti meupe tu. Mama anayesaga siagi ya karanga akikausha karanga zake kwa njia tatu tofauti, akazipeleka kupimwa sumukuvu, akaandika ipi imetoka salama, huo ni utafiti. Na si jambo la anasa. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Fedha ya kukausha kwa njia tatu na kulipia vipimo anaitoa wapi? Akikopa, atakausha kwa njia ileile anayoijua.

*Kongwa na Mpwapwa*

Wilaya yetu na majirani zetu wanabeba mifano miwili ambayo ingetosha kumaliza ubishi.

Wa kwanza ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, ikileta matrekta na kupanga kulima mamilioni ya ekari. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki chache mwaka 1946, nyingi kwa ndege, wakarudi na ripoti. Hakukuwa na shamba la majaribio la kutosha, na hakuna aliyesubiri misimu kadhaa kuona mvua zetu zinavyodanganya na udongo unavyokuwa mgumu kiangazi. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Wazee wa Kigogo wangeweza kuwaambia habari za mvua bure.

Wa pili uko hapahapa mjini. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, ambacho leo kipo chini ya TALIRI, chimbuko lake ni maabara ya mifugo ya mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Hapo watafiti walichanganya damu ya zebu wetu wa kienyeji, Borana, Sahiwal na Sindhi Mwekundu wa upande wa India na Pakistan, na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya. Walipima, wakachagua, wakaacha wasiofaa, mwaka hadi mwaka. Kufikia 1958 walikuwa na ng'ombe anayebeba jina la wilaya yetu: anayetoa maziwa kumzidi zebu na anayestahimili ukame wetu.

Kongwa walianza na kitu kikubwa wakaacha kujaribu. Mpwapwa walijaribu kidogokidogo kwa muda mrefu. Ila watafiti wale walikuwa wakilipwa mshahara hata mwaka ambao ndama walitoka wabaya. Hakuna aliyewauzia mbuzi. Hicho tu ndicho tunachomuombea mwenye mashine ya alizeti.

*Kilichopo sasa serikalini*

Tuseme ukweli, serikali haijakaa bure, na hatutaki mwanachama aende mtaani kusema hakuna kitu.

COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na inasimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Tangu 2019 kuna mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU, yaliyoanzia hapa mkoani kwetu Dodoma. SIDO ipo tangu 1973. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO hupata alama ya ubora ya TBS bila gharama kwa kipindi cha mwanzo. Kwenye teknolojia kuna TIRDO, TEMDO na CAMARTEC. Na kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024.

Sasa angalieni pengo liko wapi. Fedha za utafiti kwa sehemu kubwa huenda kwenye vyuo na taasisi, kwa watu wanaojua kuandika andiko la kitaalamu. Mashindano humpa tuzo mtu ambaye tayari ana kitu cha kuonyesha. Mikopo inakwenda kwenye biashara inayojulikana italipa. Katikati yuko mtu mwenye biashara inayotembea, mwenye tatizo moja linalomkwamisha, ambaye anahitaji fedha kidogo na mtaalamu wa kumuongoza miezi michache. Huyo hana dirisha.

Na ndio wengi. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inahesabu biashara ndogo kuwa yenye watu 5 hadi 49. Mashine zetu nyingi za alizeti, karakana za kuchomelea na wasindikaji wa karanga hawafiki hata hapo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aandike andiko la kurasa 20, tena kwa Kiingereza, umeshamnyima.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujafika. Lakini hata tukifika, kama yote itaishia vyuoni, mafuta ya Mpwapwa yataendelea kuwa na ukungu.

*"Fedha ya bure italiwa"*

Hii ndiyo hoja kubwa tuliyoisikia, na si ya kupuuza. Tumeona vikundi vya mfukoni vinavyozaliwa siku ya mkopo na kufa siku ya rejesho. Mtu akijua hairejeshwi, si ndio ataikimbilia zaidi?

Marekani walikutana na swali hilohilo. Kwa sheria ya mwaka 1982 waliziagiza idara za serikali zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga sehemu kwa ajili ya biashara ndogo. Hawakumwaga fedha kwa mkupuo. Kwanza unapewa kiasi kidogo uonyeshe kama wazo linawezekana. Ukionyesha, unaingia awamu ya pili yenye fedha zaidi. Usipoonyesha, unaishia hapo, na hasara ni ndogo.

Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kipimo chetu. Mwombaji awe na biashara inayoonekana, si kikundi cha jana. Naye achangie kitu chake: alizeti, eneo, nguvu kazi. Malipo ya vifaa na vipimo yaende kwa muuzaji na maabara moja kwa moja badala ya kupita mfukoni. Na matokeo, mazuri na mabaya, yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Hilo la mwisho tunalisisitiza. Aliyeshindwa akiandika alishindwa wapi, amewaokoa kumi wasirudie. Wenzetu wa mafuta wangeandika yao, leo mwenye mashine wa Kibakwe asingenunua chujio akidhani ndilo dawa.

Wengine wamesema tuanze na barabara, maji na madawati. Hatupingani nao. Barabara na madawati vinategemea mapato ya halmashauri, na mapato yanatoka kwa hawahawa wanaouza. Tukiendelea kuuza alizeti na karanga kwa gunia, bei ataipanga mnunuzi siku zote.

*Msimamo wa Tawi*

1. Fedha za asilimia 10 zisiguswe. Sheria inasema ni mikopo na zibaki hivyo. Tunaomba kifungu kingine kidogo kwenye mapato ya ndani, kwa jina la ruzuku ya majaribio. Kwa kuanzia tunapendekeza majaribio 10 kwa mwaka, yasiyozidi shilingi milioni 2 kila moja. Hiyo ni milioni 20 kwa wilaya nzima.

2. Halmashauri iombe ushirikiano na TALIRI na SIDO ili kila jaribio liwe na mtaalamu wa kulisimamia. Mashudu yetu na ng'ombe wao vinaweza kuanza kesho.

3. Wabunge wetu waombe COSTECH ifungue dirisha la biashara ndogo lenye fomu ya Kiswahili, fupi, inayojazika na mtu wa darasa la saba.

4. Majina ya waliopewa, kiasi na matokeo viwe wazi. Hata akipewa mwanachama wetu. Hasa akipewa mwanachama wetu.

*Kazi yako mwanachama*

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla: mkutano wa kijiji na mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Tukisubiri Baraza tumeshachelewa.

Kwa hiyo kila mwanachama mwenye biashara, au anayemjua mwenye biashara, aandike mambo matatu: unatengeneza nini, tatizo gani moja linakukwamisha, na ungejaribu nini kama usingekuwa na hofu ya rejesho. Andika hata kwa kalamu, piga picha, tuma kwa katibu wa tawi. Muuza vitunguu wa Lumuma ambaye vinamuozea ghalani aandike. Fundi wa kuchomelea wa mjini aandike. Tutazipanga zote na kumkabidhi diwani wa kila kata orodha ya kata yake, na nakala itawekwa hapa kwenye grupu.

Na yule mwanachama aliyeuliza wiki iliyopita, tunakuomba radhi. Ulituuliza njia ya kujaribu, tukakuonyesha njia ya kukopa. Orodha itaanza na swali lako.

Soma, jadili, sambaza kwenye magrupu ya kata.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Mpwapwa*