Sheria na Lugha ya Mwenye Kuitii

Wako wasomi wasemao kwamba sheria ni elimu ya mawakili, na kwamba mkulima yampasa kuitii tu, si kuisoma. Wakiulizwa kwa nini kwa miaka mingi sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, hujibu ya kuwa Kiswahili ni lugha nzuri ya mashairi na ya soko, lakini hakina makali ya kukata jambo la sheria. Kauli hiyo hutamkwa kwa utulivu mwingi, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni hekima. Yafaa ipimwe, na mahali pa kuipimia ni Nachingwea na Ruangwa, ambako sheria zilizotungwa mbali zimegusa shamba na mfuko wa mtu.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Mwaka 1948 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuunda shirika la kuuendesha mpango huo. Msitu ukafyekwa kwa mitambo, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye. Wenyeji wa Nachingwea hawakuwa na mjumbe wao katika Bunge lile, wala sheria ile haikuandikwa kwa lugha yao. Ardhi ilikuwa yao. Neno halikuwa lao.

Shauri la namna hii ndilo lililowaudhi Wamarekani zamani. Azimio lao la Uhuru la 1776 lilipanga mashtaka dhidi ya mfalme, na mojawapo lilikuwa kutozwa kodi pasipo ridhaa. Mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia wakaandika Katiba: Bunge lenye nyumba mbili hutunga sheria, Rais huzitekeleza, mahakama huamua. Rais akiukataa muswada, theluthi mbili za kila nyumba zaweza kuupitisha bila yeye. Haya husomeshwa sana. Lisilosomeshwa ni kwamba Katiba hiyo ilipopelekwa kwa watu iridhiwe, ilipigwa chapa kwa Kijerumani pia, kwa ajili ya Wajerumani wa Pennsylvania. Waasisi wale walikuwa na dosari kubwa, maana waliwaacha watumwa nje ya uhuru waliousifu. Walakini hata wao hawakuona ajabu kumwomba mtu ridhaa kwa lugha aijuayo.

Tanzania haina haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Katiba yake ya 1977 iliandikwa kwa Kiswahili. Ibara ya 97 yaeleza kwamba Rais akikataa kuukubali muswada ataurudisha Bungeni pamoja na sababu zake. Na ukiungwa mkono tena na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote, ukapelekwa kwake ndani ya miezi sita, hana budi kuukubali katika siku 21 au kulivunja Bunge. Hilo ni jambo zito na lenye makali, na limesemwa bila kupungua chembe. Lugha iliyoubeba mzigo huo itashindwaje kuibeba sheria ya korosho?

Na sheria ya korosho ilikuja. Kabla ya 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ilitengwa kwa maendeleo ya zao hilo, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Sheria ya Fedha ya 2018 iliupeleka ushuru wote katika mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga vikali kwa Kiswahili mjini Dodoma. Lakini muswada waliokuwa wakiupinga ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Ruangwa aliweza kuyasikia mabishano, lakini hati iliyobishaniwa ilifumbwa kwake. Kama hatua ile ilikuwa njema au mbaya ni shauri jingine. Aliyenyimwa hati amenyimwa uwezo wa kuhukumu lolote kati ya hayo mawili.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Wapinzani sasa husema tafsiri italeta maana mbili. Hofu hiyo ina ukweli, lakini dawa yake si kurudi nyuma. Dawa ni kuacha kutafsiri, na kuanza kutunga muswada kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Waingereza wenyewe waliandika kumbukumbu za mahakama zao kwa Kilatini mpaka 1733, na haki haikufa Kilatini kilipoondoka.

Basi kazi haijakwisha kwa kuwa Bunge limesema ndiyo. Itakwisha siku katibu wa chama cha msingi cha Nachingwea atakapoweza kuishika sheria ya zao lake, akawasomea wenzake chini ya mkorosho, kisha akamwuliza mbunge wao, kidole kikiwa juu ya kifungu: hili ulilipigia kura kwa sababu gani?