SEHEMU YA 4: TIMU KUMI ZA UHAKIKA

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, juzi kijana mmoja wodini kaniambia hela ya dawa za mama yake kaiweka kwenye mkeka. "Sista, timu kumi, zote za uhakika!"

Haya, tupige hesabu. Tuseme kila timu inashinda mara 8 katika 10. Timu mbili kwa pamoja: 64 katika 100. Tano: 33. Kumi: hata 11 hazifiki! Yaani mikeka 100 ya hivyo, 89 inachanika.

Ule ushindi mnono unaoahidiwa ndio unakwambia mkeka ni mgumu. Kampuni inaijua hesabu hii kabla yako.

Ukitaka kubeti, beti hela ya soda. Hela ya dawa haibetiwi. Mama yule tulimchangia sisi. Kesho je?