Kalamu Ikibadilishwa, Mkono Uachiwe Njia

Mtu aliyezoea kuandika au kuchora hufundisha vidole vyake kwa miaka mingi, hata vikafika mahali pa kutenda bila kuamriwa. Siku kalamu yake inapobadilishwa na mtu aliye mbali, asiyeujua mkono huo, fundi hugeuka mwanafunzi kwa usiku mmoja. Msiba huu unawasumbua leo wachoraji wanaotumia kalamu za kompyuta, lakini haukuanzia kwenye kompyuta. Watu wa Mucojo, katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, waliupata zamani.

Mucojo imo katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, baina ya mji wa Mocímboa da Praia na kisiwa cha Ibo. Lugha ya pwani hiyo ni Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Askari wa Tanzania waliohudumu mkoani humo katika jeshi la SADC, kati ya mwaka 2021 na 2024, walikuwa katika nchi ya Kireno ambayo wavuvi wake husema maneno mengi yaliyo sawa na ya Kilwa na Mtwara.

Kwa vizazi vingi watu wa pwani hiyo waliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wenzao wa Kilwa, Unguja na Lamu. Mtoto alianzia chuoni, mbele ya mwalimu, akiwa na ubao wake. Kalamu ilikuwa utete uliochongwa kwa kisu: ncha yake hukatwa mshazari, kisha hupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke taratibu. Siri yote imo katika mkato huo. Mkono ukielekea upande mmoja mstari hunenepa, na ukigeuka hukonda. Mwandishi huanza kulia akaenda kushoto, na mkato wa kalamu hufuata mwendo huo.

Elimu hiyo haikuwa ya dini peke yake. Katika karne ya 19 watawala wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji waliwapelekea maofisa wa Kireno barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ofisi zilikuwa na wakalimani wa kuzisoma. Barua za namna hiyo zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la nyaraka za historia mjini Maputo.

Kisha mambo yakabadilika. Kadiri Ureno ilivyokaza utawala wake, ndivyo Kireno na herufi za Kilatini zilivyokuwa njia pekee ya kuingia ofisini. Mapatano ya mwaka 1940 baina ya Ureno na Vatican, pamoja na sheria ya misheni ya mwaka 1941, yaliweka elimu ya Waafrika mikononi mwa misheni za Kikatoliki, nayo ikafundishwa kwa Kireno. Mwafrika aliyetaka kuondolewa katika daraja la chini la wenyeji alitakiwa ajue lugha hiyo. Ubaguzi huo wa kisheria haukufutwa mpaka mwaka 1961.

Hapo ndipo palipokuwa na hasara yenyewe. Mzee aliyeandika barua tangu ujana wake alihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hakuwa amesahau hata herufi moja. Ofisi ndiyo iliyohamisha mlango, kisha ikamwita kipofu kwa kuwa hakuuona. Mjukuu naye, akisoma shule ya Kireno tu, hakuweza kuifungua barua ya babu yake.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, serikali mpya iliendelea na Kireno, na kampeni ya taifa ya kufuta ujinga iliyoanza mwaka 1978 ilitumia lugha hiyo. Sababu yake ilikuwa nzito. Vita vya ukombozi vilivyoanzia Chai, katika wilaya hiyohiyo ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, vilipiganwa na watu wa makabila mengi, na taifa lilihitaji lugha moja ya kuwaunganisha. Nia ilikuwa njema, lakini mkono wa mzee wa Mucojo haukutafutiwa njia. Tena pwani hiyo ilipigwa na kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019, na mapigano yaliyoanza mkoani Oktoba 2017 yamewafanya wakazi wengi wakimbie nyumba zao. Mtu anayekimbia na watoto habebi kasha la karatasi.

Haifai kudhani kwamba herufi za Kiarabu hazikuwa na upungufu. Hazikuwa na alama za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili, kama vile p, ch na v, wala hazikutenganisha vizuri e na i. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, katika karne ya 19, alitumia nukta na alama za ziada ili kuziba pengo hilo. Mtu aliyejua maandishi ya kale aliweza kuyafuata yale mapya, kwa kuwa jipya lilijengwa juu ya msingi alioujua.

Wachoraji wa kompyuta waliupata msiba wa Mucojo mwezi Oktoba 2017, kampuni ya Microsoft ilipotoa toleo jipya la programu yake ya Windows 10. Kabla ya hapo, kalamu ilipokokotwa juu ya kioo, katika programu nyingi ilichagua maneno au kuvuta kitu. Baada ya toleo hilo, mwendo uleule wa mkono uliusogeza ukurasa mzima juu au chini. Kalamu zilikuwa nzima na vidole havikusahau kitu. Maana ya mwendo ndiyo iliyobadilishwa. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliweka njia ya kurudisha tabia ya zamani. Njia hiyo ingeweza kuwapo tangu siku ya kwanza.

Askari hapewi silaha mpya asubuhi ya mapambano. Huonyeshwa, huifungua na kuifunga, hupiga shabaha, na ya zamani haiondolewi kabla hajaizoea mpya. Utaratibu huo unafaa hata nyumbani, kwa kijana anayechora au mama anayebuni mitindo ya nguo kwa kalamu ya tableti. Kukataa masasisho daima si busara, maana mengi huziba matundu ambayo wezi hupitia. Lakini kazi iliyo njiani imalizwe kwanza. Michoro inakiliwe mahali pengine penye usalama. Mpangilio wa kalamu, yaani uzito wa mkono na kazi ya kila kitufe, uandikwe katika daftari. Baada ya kusasisha, kalamu ijaribiwe kwenye karatasi tupu kabla ya kuguswa kazi ya mteja.

Na katika nyumba ambayo bado ina barua ya babu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ipigwe picha wiki hii, na mzee anayeweza kuisoma aombwe aisome kwa sauti, mjukuu akiandika.