UCHAMBUZI: Bakuli la mfalme wa China linamhusu nini kijana wa Ganako?

Oktoba 2017, kibakuli cha kuoshea brashi, upana wake sentimita 13 tu, kiliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 37.7. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 80. Hakina dhahabu wala ua. Ni rangi moja tu, buluu inayoelekea kijani.

Kwanini hela yote hiyo? Kilitengenezwa kwa ajili ya ikulu ya China miaka kama 900 iliyopita, na vyombo vya aina yake vilivyobaki duniani havifiki 100.

Kwa wafalme wa China rangi ilikuwa na mwenyewe. Njano ilikuwa ya mfalme na nyumba yake. Kwenye ibada, buluu ilikuwa ya Mbingu, njano ya Ardhi, nyekundu ya Jua. Ndiyo maana matajiri wa leo wanagombania kauri zisizo na mchoro wowote.

Zilifika mpaka kwetu

Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle twiga, mnyama tunayemwona kila siku huku Karatu. Karibu miaka 600 baadaye, watafiti wa Kenya na China walichimba Mambrui, jirani na Malindi. Walikuta sarafu ya Yongle na vipande vya kauri ya kijani ambavyo, kwa maelezo yao, ni vya kiwango cha ikulu.

Sokoni kipande kama hicho hakina bei ya maana. Thamani yake ni pale kilipokutwa: tabaka gani la udongo, kando ya kitu gani. Kingechimbuliwa usiku na kuuzwa, leo tungekuwa na sahani iliyovunjika tu.

Hasara hiyo tunaijua. Makaburi ya kale ya Pwani, kama ya Kunduchi na Kaole, yalipambwa kwa mabakuli ya kauri. Mengi hayapo tena, zimebaki alama za mviringo kwenye chokaa.

Turudi Ganako

Hapa hatuna kauri za mfalme, ila tuna vya kwetu. Kwenye pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, zimekutwa zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Wajerumani walichimba pale miaka ya 1930, na vitu vingi vikaishia Ujerumani. Olduvai ndiko lilikotoka fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959.

Na kila siku magari ya watalii yanapita Karatu kwenda lango la Lodoare. Mgeni akiuliza, "Huna kitu cha kale kweli kweli?", kijana mwenye madeni atajibu nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iko wazi: huchimbi bila leseni, na huvitoi nje ya nchi bila kibali. Lakini tuache sheria kidogo, tuongee hela.

Kile kibakuli cha Hong Kong kilipata bei kwa sababu wataalamu walikithibitisha na historia yake inajulikana. Mhuri wa mfalme chini ya chombo hautoshi, maana Wachina wenyewe walikuwa wakinakili mihuri ya zamani karne nyingi zilizopita. Kitu kisicho na historia, mnunuzi anakichukua kwa bei ya kutupa. Wewe unapata elfu ishirini na kesi juu. Akikamatwa nacho KIA, wa kwanza kutajwa ni wewe.

Mwezi huohuo kibakuli kilipouzwa, Olduvai ilifungua makumbusho mapya. Wageni wanalipa kuingia, dereva analipwa, muongozaji analipwa, mama wa chakula Karatu anauza. Kesho yake wanakuja wengine, kwa sababu kinachowaleta bado kipo.

Kwa hiyo ukiokota jiwe lililochongwa au ushanga wa ajabu shambani, usilihamishe. Piga picha kwa simu, weka alama mahali, mwone mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike kwa watu wa malikale. Na wenye maduka ya vinyago, uzeni kipya kama kipya, na risiti juu.

Serikali nayo ina deni. Anayetoa taarifa anastahili japo cheti na jina lake kwenye kumbukumbu za makumbusho. Bila hivyo, mwenye elfu ishirini mkononi ataendelea kusikilizwa zaidi kuliko sheria.